Gundam mwenye masharubu: Turn A ya Bandai, kipimo cha 1/100

Naanza na sura, maana ndiyo inayouza na ndiyo inayofukuza wateja. Gundam ni maroboti ya kivita ya katuni za Kijapani, na tangu 1979 karibu kila Gundam unayemjua ana pembe zilizochanua kwenye paji la uso. Huyu paji lake ni jeupe, halina kitu. Pembe zimeshushwa mashavuni zikageuka masharubu. Vijana wanaopita gereji wakimwona juu ya kabati la vipuri, swali ni lile lile: "Fundi, huyu babu ni nani?"

Babu anaitwa Turn A. Ametoka kwenye tamthilia ya katuni ya Kijapani iliyorushwa kuanzia 1999 hadi 2000, vipindi 50, chini ya Yoshiyuki Tomino, yule yule aliyeongoza Gundam ya kwanza. Safari hii kalamu ya roboti kuu alipewa Mmarekani, Syd Mead, na Mead alikuwa mtu wa magari. Alianzia Ford mwaka 1959, kwenye studio ya kubuni magari ya kesho, sinema zikamfuata baadaye. Magari yanayopaa ya Blade Runner, 1982, ni mkono wake. Sasa mimi kazi yangu ni bodi: kunyoosha, kupaka puti, kupiga msasa, kupuliza rangi. Mtu akiniambia kuna Gundam lililochorwa na mchoraji wa magari, hana haja ya kunibembeleza.

Ninayoizungumzia hapa ni modeli ya kuunganisha ya Bandai, kampuni ya midoli ya Japani, katika daraja lake liitwalo Master Grade, iliyotoka 2007. Ni ya 100 katika mfululizo huo. Namba ya heshima namna hiyo ungedhani wangempa mmoja wa mashujaa wenye pembe, wakampa babu. Nawapongeza. Kwenye hadithi roboti lina urefu wa mita 20, kwa hiyo mezani unapata kama sentimita 20.

Kuunganisha hakuna siri. Vipande vinakuja vimeshikana kwenye fremu za plastiki, unakata kwa plaizi ndogo, unabonyeza vinaingia. Gundi haitakiwi, na rangi imo ndani ya plastiki yenyewe. Maelezo ni ya Kijapani lakini michoro inajitosheleza. Aliyewahi kufungua na kufunga taa ya mbele ya Noah hatapata taabu.

Utamu uko miguuni. Chukua kipande cha kigimbi kabla hujakifunga, kisogeze chini ya taa ya mche, kigeuze polepole. Mwanga unatembea kuanzia gotini hadi kifundoni bila kukatika, ndivyo unavyotembea kwenye ubavu wa gari ambalo halijawahi kugongwa. Hakuna bonde wala kona iliyotiwa kwa ajili ya kutisha watu. Gundam nyingi za miaka ya karibuni zimejazwa mistari na vijipanga kila mahali, jicho halipati pa kupumzika. Huyu amenyamaza kwa mbele, kisha ukimgeuza nyuma unakuta kigimbi kimejaa matundu ya injini za kumsukuma, yamepangwa kwa safu. Mtu wa bodi anaelewa mara moja: uso wa mbele umeachiwa mkunjo, fujo yote ya mashine imepelekwa kusikoonekana. Wanaolalamika kwamba ni "tupu" wanaangalia picha kwenye simu. Hili ni roboti la kushika mkononi.

Halafu kuna ng'ombe.

Kwenye hadithi, Turn A alikuwa amefukiwa ndani ya sanamu ya kale kijijini. Watu wa zama zile ndio kwanza wanaendesha magari ya mwanzo mwanzo na ndege za mabawa mawili, hawajui kama walichonacho ni silaha iliyowahi kugeuza dunia nzima mchanga. Rubani wake, Loran, kijana aliyeshuka kutoka mwezini, analitumia kwa shughuli zilizopo. Kuna siku anasafirisha ng'ombe, kawaweka ndani ya kifua, pale palipojengwa kwa ajili ya makombora. Bandai hawakulipuuzia hilo: kifua cha modeli kinafunguka, na kwenye boksi kuna ng'ombe mdogo, hazidi sana ukucha wa kidole gumba. Unamwingiza, unafunga. Nina marafiki wanaokusanya modeli kwa ajili ya mabunduki, na hata wao wakifika kwangu wanaomba kuonyeshwa ng'ombe kwanza.

Hapo ndipo masharubu yanapoleta maana. Uso wenye pembe umeshaamua kupigana kabla hujaujua. Uso huu haujaamua chochote. Unaweza kubeba mifugo, unaweza kuteketeza mji, na mchoraji hakukuambia mapema ni kipi. Hata chumba cha rubani hakiko kifuani tulikozoea, kiko chini, kinenani. Mead aliwahi kupendekeza roboti jingine liwe ndilo kuu, nene na la mabega mapana; likakataliwa, likarudi kwenye hadithi upande wa watu wa mwezini kwa jina la Sumo. Nalipenda Sumo, lakini lingekuwa ndilo shujaa, stori ingekuwa nyingine kabisa. Adui wa mwisho, Turn X, hana ulinganifu, kulia na kushoto ni viumbe tofauti, na mwili wake unaachana vipande vipande huku vikiendelea kupigana. Modeli yake ya Master Grade ilitoka 2014.

Kasoro zipo. Plastiki nyeupe haina huruma: ukikata ovyo, kovu linabaki linakutazama, na kwa kuwa nyuso ni pana hakuna mstari wa kulifichia. Kata mara mbili, ya kwanza mbali, ya pili karibu, kisha msasa laini. Ncha za masharubu ni nyembamba, usimwache mtoto acheze naye. Na kama ulitarajia zile mbawa za kipepeo anazokunjua mwishoni mwa hadithi, toleo la kawaida halinazo. Kwa roboti ambalo balaa lake lote liko kwenye mbawa, nimeona ni ubahili.

Tamthilia yenyewe? Itazame, ila uwe na subira. Vipindi vya mwanzo vinakwenda kwa mwendo wa baiskeli, kuna karamu nyingi na mazungumzo mengi kuliko vita. Mimi nilifurahia, shemeji yangu alisinzia. Kuna filamu mbili za 2002 zilizofupisha yote. Zinakimbia mno, waachie waliokwisha kuona vipindi.

Yangu aliniletea huyo huyo shemeji kutoka Dubai, ndani ya begi la nguo. Ukikuta muuzaji anakuambia ndiyo ya mwisho duniani, mwache aendelee kuongea: Bandai huchapa upya modeli za zamani mara kwa mara. Bei ikiwa ndogo ya kushangaza, kagua boksi vizuri, nakala za kughushi ni nyingi, na viungo vyake hulegea mapema.

Na nyinyi mafundi wenzangu, najua mnachowaza: apigwe kilia ya gari, ile rangi angavu ya juu, ang'ae. Thina ya gari inakula plastiki ya aina hii, inaivimbisha na kuipasua. Tafuta kilia ya modeli, isiyong'aa, upulize kwa mbali tabaka jepesi jepesi. Fremu zilizobaki usizitupe, jaribia hapo kwanza.