Boksi la kubebea paka: komeo ovyo, pango zuri

Nimelinunua Kariakoo kwa shilingi 45,000 tukijiandaa kuhama Mbagala kwenda Tanga. Komeo la mlango ni takataka. Tulipofika Chalinze lilishafyatuka, nikalifunga kwa mtandio wangu hadi tunashuka.

Lakini thamani yake niliiona baada ya safari. Kashata, paka wangu, ni mwoga wa kupindukia. Jirani akipiga hodi tu, keshaingia uvunguni. Basi nikang'oa mlango, nikaliweka boksi kwenye kona ya chumba kidogo, ndani nikatandika khanga niliyoivaa siku mbili bila kuifua. Maji na dagaa karibu, karai la mchanga kona ya mbali, maana paka hali karibu na choo chake (nani angekula?). Siku mbili sikuona ila macho mawili. Dagaa walikuwa wanaliwa usiku. Usiku wa tano akatoka, akasugua shavu kwenye mguu wa meza, akarudi zake pangoni.

Kifuniko cha juu kinafunguka chote, hivyo humburuti mnyama kwa mlangoni. Ningelinunua tena, ila na kamba.