Wild Africa Trek ya Florida, kwa macho ya dereva wa watalii wa Arusha

Kama unakwenda Animal Kingdom, ile bustani ya Disney iliyo jirani na Orlando, na siku uliyo nayo ni moja tu, usiianze kwa kupanga foleni. Anza na matembezi ya kuongozwa yanayoitwa Wild Africa Trek. Ni ghali, na bei nitaitaja hapo chini, lakini hakuna njia nzuri zaidi ya kuingia mahali pale ukaelewa unachokiona. Nasema hivi nikiwa mtu niliyekula mkate wa kuendesha watalii Tarangire, Ngorongoro na Serengeti, na kwa mtu kama mimi wazo la kulipia tembo Marekani halikaliki kirahisi. Aliyeshinikiza twende ni mpwa wangu wa miaka tisa, ambaye dada yangu anamlea huko huko Florida.

Upande wa Afrika wa bustani hiyo umejengwa kama mji wa kubuni uitwao Harambe. Wabunifu wakiongozwa na Joe Rohde waliutazama mji wa Lamu, na mtu wa pwani hahitaji kuambiwa. Lipu imebanduliwa kwa makusudi ili mawe ya chini yachungulie, waya za umeme zinaning'inia ovyo kutoka nguzo hadi nguzo, matangazo ya biashara yamechorwa ukutani kisha yakafifishwa kana kwamba jua la miaka limeyapiga. Nyasi za mapaa ziliezekwa na mafundi wa Kizulu walioletwa kutoka Afrika Kusini. Na kwenye kuta utasoma "Uhuru 1961". Huo ni mwaka wetu wa Tanganyika, Kenya walisubiri hadi 1963, lakini nilisimama mbele ya maandishi hayo nikamweleza kijana habari za 9 Desemba na babu yake alivyokesha. Mama yake alikuwa hajawahi kumsimulia.

Kituo cha kujiandikisha kipo hapo hapo Harambe. Kundi halizidi watu 12, nasi tulipewa waongozaji wawili. Mnavishwa kizibao chenye mikanda inayopita mapajani na ndoano za chuma kifuani, mnapewa kifaa cha sikioni cha kumsikilizia mwongozaji, na kila kitu kinachoweza kudondoka kinabaki kabatini. Simu pia, isipokuwa kama ina kamba iliyofungwa imara. Usinung'unike. Wanawapiga picha wenyewe njia nzima, na picha hizo zimo ndani ya bei.

Hapo ndipo nilipoanza kumkagua yule dada mwongozaji aliyekuwa mbele yetu, maana kazi yake naijua. Mwongoza watalii mchanga anaogopa ukimya. Atamwaga takwimu tangu getini, mnyama atageuka, atapiga miayo, atanyonyesha, na wageni wote watakuwa wanamtazama yeye mwongozaji. Huyu alitupitisha msituni taratibu, akasema machache kuhusu mti mmoja na mlio mmoja wa ndege, kisha tulipofika ukingoni juu ya bwawa la viboko akatufunga kwenye waya mmoja mmoja, akanyamaza.

Unajua kiboko tunavyomwona Serengeti. Migongo thelathini kama mawe, masikio yanapepea, harufu inakufukuza kabla hujashika darubini. Hapa unaegemea mbele, mikanda imekushika, chini yako maji, na mhudumu anarusha mboga za majani. Kiboko akafungua kinywa juu, moja kwa moja kuelekea kwetu. Niliona meno ya chini yalivyosagika kwa kusuguana na ya juu, niliona rangi ya waridi ya ndani ya shavu na jani la saladi lililonata kwenye ufizi. Miaka yote niliyofanya kazi hii sijawahi kukiangalia kinywa cha kiboko kutoka juu, kwa sababu kwetu ukifika karibu hivyo umekwisha. Mwongozaji alisubiri kinywa kifungwe ndipo akaeleza kazi ya yale meno. Ningekuwa na kampuni ningemwajiri siku hiyo hiyo.

Kisha madaraja ya kamba. Mbao zimeachiwa nafasi, nyingine zinaonekana kuvunjika, na chini ya daraja refu wamelala mamba wa Nile.

"Mjomba, hawa ni wa kweli?"

"Wa kweli kabisa. Tazama koo lile linavyocheza."

Akavuka mbele yangu, ndoano yake ikikwaruza waya juu ya kichwa. Umri wa chini ni miaka 8, na ninaona wameupanga vizuri. Mtoto mdogo zaidi angelia, na daraja ukishaanza kulivuka huwezi kugeuka.

Baada ya hapo mnapanda gari la wazi na kuingia mbugani. Wageni wa kawaida hupita humo humo na malori makubwa ya Kilimanjaro Safaris kwa kama dakika 20, bila malipo ya ziada. Tofauti ni kwamba gari lenu linasimama. Na likisimama unaanza kuona ujenzi. Ile barabara yenye mashimo na alama za matairi ni zege lililotiwa rangi ya udongo, likakandamizwa magurudumu na vijiti kabla halijakauka. Mibuyu mikubwa ni ya kutengenezwa. Inayofanana na migunga ni mialoni ya huko Florida iliyopogolewa ikawa bapa juu. Kati ya simba na swala kuna handaki ambalo kutoka kwenye kiti hulioni. Jioni wanyama huitwa kurudi mabandani kwa milio, kila kundi na mlio wake. Yote haya mwongozaji aliyasema waziwazi, bila kusubiri aulizwe, na kwangu hilo ndilo lililotenganisha matembezi haya na maonyesho. Nina chuki na safari inayomdanganya mgeni. Hapa walituonyesha uzio wao wenyewe.

Tuliwaona twiga, nyumbu, palahala, na ng'ombe wa Ankole wenye pembe ambazo Mganda yeyote angezipigia saluti. Kwa faru weupe tulikaa muda mrefu, na hapo mazungumzo yakawa matamu kuliko yote. Uganda faru walikuwa wamekwisha kabisa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 2006 bustani hii ilipeleka faru wawili katika hifadhi iitwayo Ziwa, huko huko Uganda, wakakutana na faru waliotoka Kenya. Mmoja wao, Nande, alizaa Juni 2009, na ndama akaitwa Obama kwa kuwa mama katoka Marekani na baba Kenya. Mpwa wangu, ambaye yeye mwenyewe kazaliwa Marekani, aliirudia habari hiyo ndani ya gari njia nzima ya kurudi nyumbani.

Chakula mnakula kwenye banda lililoinuliwa juu ya mbuga, upepo unapita, twiga kwa mbali. Ni vitafunio baridi na matunda, na juisi ya pasheni, chungwa na pera. Vitamu, havishibishi. Mwenye njaa ya ugali ajipange mapema.

Sasa pesa. Kwa mtu mmoja ni kuanzia karibu dola 200, hupanda msimu wa likizo, na kiingilio cha bustani ni kando. Kwa familia ya watu watano huo ni mzigo, na sitamwambia mtu akope. Kwa wawili au watatu wanaopenda wanyama kweli, afadhali mfute siku moja nzima ya michezo ya mabembea mlipie saa hizi tatu. Sehemu ya mapato huenda kwenye mfuko wa Disney wa uhifadhi, na hilo lilinisaidia kufungua pochi. Chukueni zamu ya asubuhi, kwa kuwa joto la Florida mchana wa kiangazi ni la Dar ya Februari. Vaeni viatu vya kufunika vidole na kushika kisigino. Kandambili watakurudisha nazo. Wekeni nafasi mapema.

Na kama bei imekushinda, usikate tamaa. Nenda hoteli ya Animal Kingdom Lodge, upande wa Kidani Village, ule chakula cha mchana katika mgahawa wa Sanaa. Huhitaji tiketi ya bustani. Madirisha yanatazama mbuga, na tukiwa mezani pundamilia walikuja hadi hatua chache kutoka kwenye kioo. Agizeni sahani ya mikate ya naan na achari zake zote, inatosha watu watatu.