YouTube Kids ni nzuri, ila video chagua wewe mzazi

Nafundisha chekechea, na nyumbani nina binti wa miaka minne. Wazazi wanapokuja kuchukua watoto, swali haliishi: "Mwalimu, nimwekee mtoto kitu gani kwenye simu ambacho hakitamharibu?" Jibu langu ni YouTube Kids, programu ya YouTube ya video za watoto, kwa sharti moja: usiiache programu imchagulie mtoto.

Ukiifungua, ingia kwa akaunti yako wewe mzazi, kisha itakuuliza umri wa mtoto. Kuna makundi matatu: miaka minne kushuka chini, mitano hadi minane, na tisa hadi 12. Wazazi wengi huishia hapo. Lipo chaguo la nne, la kuonyesha video zilizoidhinishwa na mzazi tu, na hilo ndilo ninalolipigia debe. Mtoto haoni kitu ambacho hukukikubali wewe, iwe chaneli nzima au video moja moja, na hawezi kutafuta chochote.

Katika yale makundi matatu, kazi kubwa ya kuchuja inafanywa na mashine, na mashine hupitwa. Mwaka 2017 habari zilienea duniani kote kwamba vibonzo vyenye wahusika wanaopendwa na watoto, lakini vimejaa vitisho na watu kuumizwa, vilikuwa vimepenya hadi ndani ya programu hii. Chaguo la mzazi kuidhinisha lilikuja mwaka uliofuata. Kwa macho ya haraka huwezi kuvitofautisha vibonzo vile na vya kweli: rangi zile zile, sauti nyembamba zile zile. Mtoto wa miaka minne ndiyo kabisa.

Nimekaa pembeni ya binti yangu nikamtazama. Siku moja alipewa simu na shangazi yake, ikiwa kwenye programu ya video fupi isiyo ya watoto. Kidole gumba kilikuwa kinapandisha video juu kabla hata haijamaliza kusema kitu. Hacheki, haulizi, mdomo wazi. Katikati ya watu wanaocheza ngoma ikatokea video ya mtu anapigwa, naye akaipandisha vile vile, uso haukubadilika. Hicho ndicho kilichonishtua kuliko kipigo chenyewe. Tulipoichukua simu alilia mpaka akakosa pumzi.

Kwenye orodha niliyomwandalia kuna video ya kinyonga. Anaiangalia, anairudia, ananiuliza kwa nini jicho moja linatazama huku na jingine kule. Kisha anaiacha simu kwenye kochi, anaanza kutembea sakafuni kwa kuyumba kama yule kinyonga. Orodha ni fupi na anaijua yote, hivyo akishaona anachokitaka anaondoka mwenyewe.

Jambo jingine linalonifanya niipendekeze ni vile ambavyo haina. Hakuna sehemu ya maoni, mtoto hawezi kupakia video yake, na mtu asiyemjua hawezi kumwandikia. Hapo ndipo ilipo tofauti na mitandao ya kijamii yenyewe, ambako mgeni anaweza kumfikia mtoto huku wewe uko chumba kimoja naye. Wazazi huniambia, "Lakini mtandao unaruhusu kuanzia miaka 13, na wangu karibu anafika." Naomba tuelewane: umri huo umetokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 kuhusu kukusanya taarifa za watoto. Hakuna aliyepima akili ya mtoto akaona kwamba akitimiza 13 yuko tayari. Australia sasa imeweka 16, tangu Desemba 2025.

Kipima muda kipo na kinafaa. Muda ukiisha programu inajifunga. Mwambie mtoto mapema, "ikijifunga tunaenda kuoga", kelele zitapungua. Ila badilisha kufuli la mzazi, uweke namba yako ya siri, kwa sababu lile la kawaida huuliza swali la kuzidisha, na kaka mtu anayejua jedwali lake atamfungulia mdogo wake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linasema mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja ya skrini kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Mimi naenda na nusu ya hapo.

Kasoro zipo. Matangazo ya biashara bado yamo, hata kama ya vyakula na vinywaji yamepigwa marufuku. Pia kuna chaneli za kufungua maboksi ya midoli, ambazo kwangu ni matangazo yaliyovaa nguo za michezo. Sijaidhinisha hata moja. Na kuandaa orodha ni kazi. Lazima uitazame kila video mpaka mwisho, maana picha ya juu haisemi yaliyomo. Kama huna nafasi hiyo wiki hii, subiri utakapoipata, usimwekee kundi la umri kwa muda.

Kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili, usiipakue kabisa. Kwa wakubwa zaidi, natoa nyota nne kati ya tano ukitumia chaguo la kuidhinisha, na mbili tu ukiiacha programu ichague yenyewe.