Mageti ya mabomba ya vumbi la mbao: lipi la kununua kwa karakana ya nyumbani

Karakana nyingi za nyumbani zina mashine moja tu ya kufyonza vumbi, inayohudumia msumeno wa meza, randa ya umeme, msumeno wa mkanda na mashine ya msasa kupitia mabomba yaliyopita ukutani. Geti ni kile kifaa chenye bamba linaloteleza ndani ya fremu na kulifunga tawi lisilotumika, ili mvuto wote uende kwenye mashine inayofanya kazi. Kwa kuwa ni kidogo, watu hukinunua mwishoni kabisa, bila kukikagua. Naomba ukipe uzito zaidi ya huo. Mwaka 1995 IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, liliweka vumbi la mbao katika kundi la 1, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Vumbi la kuogopwa zaidi ni lile laini lisiloonekana, ambalo mvuto ukiwa hafifu hubaki hewani ukilivuta puani.

Ili maranda yasitue njiani, hewa ndani ya bomba inapaswa kwenda kwa kasi ya takriban mita 20 kwa sekunde. Kwa bomba la kipenyo cha milimita 100, hiyo ni kama mita za ujazo 565 kwa saa. Kwa bomba la milimita 150 inapita 1,270. Mashine ndogo ya nyumbani haina akiba kubwa ya mvuto. Ukiacha matawi mawili wazi kwa pamoja, hewa inagawanyika na kasi inashuka kote kuwili. Na geti linalovuja ni sawa na tawi lililoachwa wazi kidogo, mchana kutwa.

Kwa hiyo swali langu kwa kila geti ni moja: baada ya miezi ya kazi, bado linafunga hadi mwisho? Alama nyingine zote ninazitoa baada ya hapo.

Linalovuruga mageti mengi ni mfereji ambamo bamba huteleza. Ukilivuta bamba kufungua, mfereji unabaki mtupu na vumbi linaingia. Ukilisukuma kufunga, bamba linalishindilia vumbi hilo kwenye ncha ya mfereji. Fungua geti la plastiki lililotumika muda na uchungulie ndani: utakuta tabaka la vumbi lililokazana, lenye umbo la mwezi mchanga, gumu kiasi cha kuhitaji bisibisi kulikwangua. Bamba linaishia milimita chache kabla ya mwisho, na ukiwasha mashine unasikia mluzi mwembamba.

Nafasi ya kwanza: geti la chuma au alumini lenye bamba refu linalopita pande zote mbili. Nusu moja ya bamba ina tundu la ukubwa wa bomba, nusu nyingine ni nzima. Kufungua ni kulitelezesha mpaka tundu likae sawa na bomba. Kufunga ni kulirudisha. Mfereji hauwi mtupu hata mara moja, hivyo vumbi halipati pa kujikusanya, na lile kidogo linalopenya linasukumwa nje. Kasoro yake ni nafasi: linahitaji uwazi wa karibu kipenyo kizima cha bomba kila upande, kwa hiyo pima ukuta na mguu wa mashine kabla ya kununua. Hewa kidogo sana hupenya kwenye ncha zilizo wazi, lakini kiasi hicho hakikui mwaka hadi mwaka kama cha geti lililoziba. Kuna pia toleo fupi, ambalo fremu yake imeachwa wazi kwenye pembe za chini ili vumbi litoke. Nalo ni zuri, na linafaa pale palipobana.

Nafasi ya pili: la kujitengenezea. Hapa seremala ana bahati ambayo wanunuzi wengine hawana. Vipande viwili vya plaiwudi ya milimita 12 vyenye tundu la bomba, bamba la hadibodi ya milimita 3 katikati, na vipande vyembamba pembeni vinene kuliko bamba kwa unene wa karatasi moja au mbili tu. Fuata umbo lile lile la bamba refu. Paka nta kwenye bamba, gundi vipande vya bomba la PVC kwenye matundu, kisha ziba ukingo kwa silikoni. Faida kubwa ni kwamba tundu unalikata kwa kipimo cha bomba ulilo nalo. Tahadhari iko kwenye unyevu: MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, hufura na bamba likagoma, hivyo fremu iwe ya plaiwudi nzuri iliyopakwa vanishi, hasa kwenye kingo zilizokatwa.

Nafasi ya tatu: alumini ya kumimina, ya umbo la kawaida. Ni imara, haipindi, na ina skrubu ya kukaza bamba lisihame. Ila mfereji wake umezibwa upande mmoja, kwa hiyo tatizo la vumbi kushindiliwa liko pale pale. Likague dukani. Funga bamba, inua geti mbele ya taa, na utazame ukingo wote: mwanga ukipenya, hewa itapenya. Kisha litikise. Bamba likicheza kwa sauti, acha. Pitisha kidole ndani ya shingo pia, kwani mengine huuzwa na kingo kali ambazo hazijasuguliwa, na maranda marefu ya randa yatanasa hapo.

Nafasi ya nne: la kujiendesha. Kihisi kinatambua kwamba msumeno umeanza kula umeme, geti linafunguka lenyewe, kifyonzaji kinawaka, na baada ya msumeno kuzimwa kinaendelea sekunde kadhaa kusafisha bomba. Kwa anayehama kutoka mashine moja hadi nyingine kila dakika, ni raha ya kweli. Nimeliweka hapa kwa sababu mota na swichi ndogo zinafanya kazi katikati ya vumbi, na kwa sababu mfereji wa geti lenyewe mara nyingi ni ule ule wa kawaida. Ukilinunua, hakikisha linaweza kufunguliwa kwa mkono siku umeme wake ukigoma.

Nafasi ya mwisho: plastiki nyembamba. Hupinda ukikaza klampu, na bamba likabana au likaacha upenyo. Kama tayari unayo, yasitupwe: kata pembe mbili za mwisho wa mfereji kwa msumeno mdogo ili vumbi lipate pa kutokea. Yatafanya kazi vizuri zaidi kuliko yalipotoka dukani.

Kuhusu vipimo, usiamini namba ya kwenye boksi. Kinachoitwa inchi 4 huenda ni kipenyo cha ndani au cha nje, na mabomba ya PVC ya maji taka mara nyingi ni milimita 110 kwa nje, hivyo shingo ya geti haiwezi kuingia ilivyo. Beba kipande cha bomba dukani. Kikikataa kwa tofauti ndogo, kipande kifupi cha hozi na klampu mbili kinaunganisha. Na usinunue geti la milimita 100 kwa bomba la 150: eneo la njia linapungua kwa zaidi ya nusu, na mashine zote za tawi hilo zitadhoofika.

Wakati wa kufunga, tumia skrubu fupi. Ncha inayochomoza ndani ya bomba ni mtego wa maranda. Kwenye bomba lililolala, ambako bamba linaweza kuelekea chini, usiruhusu mtikisiko ulishushe na kulifungua: kaza ile skrubu. Shikiza fremu ukutani, isiachwe ikining'inia kwenye hozi. Tawi litoke ubavuni au juu ya bomba kuu, maana likitoka chini litajaa maranda hata geti likiwa limefungwa. Zaidi ya yote, geti liwe mahali mkono unapofika ukiwa umesimama kwenye mashine. La kupandia ngazi halitafungwa.

Kupima, funga yote isipokuwa moja la mbali, washa kifyonzaji, kisha pitisha kipande cha karatasi ya tishu kwenye kingo za kila geti. Pale kinaponaswa, pana uvujaji. Usitumie moshi wa ubani wala kiberiti, kwa kuwa cheche ikifyonzwa inaweza kuwaka polepole ndani ya mfuko wa maranda.

Kama fedha haitoshi kununua yote kwa mara moja, anza na tawi la randa na la msumeno wa meza, ambako maranda ni mengi na mfereji huziba upesi. Msumeno wa mkanda unaweza kusubiri na geti la plaiwudi.