Pete yangu ya tsavoraiti, mwaka wa pili sasa naivaa

Mi nilikuwa nataka zumaridi jamani, nisiwafiche. Shangazi anayo pete ya zumaridi tangu niko mdogo na nilikuwa naitamani siku zote, sasa tulipovunja kikoba nikasema hela hii hailiwi, inaenda kidoleni. Nikaazima ile ya shangazi nikampelekea sonara hapa Arusha nijue bei zikoje, akaipiga tochi akaniita nichungulie kwenye lenzi. Ndani nyufa tupu, kama kioo cha gari kilichopigwa jiwe! Akanieleza kwamba zumaridi nyingi zinatiwa mafuta ili nyufa zisionekane, na shangazi miaka yote anafulia nayo, sabuni na maji ya moto, mafuta yameisha jiwe limepauka. Akasema kama unachotaka ni kijani tafuta tsavoraiti, ya hapahapa.

Nikaanza kuifuatilia na kwakweli nilishangaa. Kumbe ni gaineti, jamii ya vito ambayo sisi tunaijua nyekundu, hii ukijani wake unatokana na chembe za metali, vanadiamu na kromiamu. Mjiolojia Mskoti, Campbell Bridges, aliikuta Simanjiro mwaka 1967, yaani kwetu kabisa, lakini kibali cha kuisafirisha nje hakupata, basi akaufuata mwamba wa aina ileile hadi Kenya na mwanzoni mwa miaka ya 70 akaipata tena Taita Taveta. Porini kule alilala kwenye kibanda juu ya mti kwa kuogopa wanyama, na mawe yake inasemekana alikuwa anayalindisha na chatu. Jina lilitolewa na Tiffany, kampuni ya vito ya New York, mwaka 1974, kutokana na Tsavo, mbuga ya kulekule Kenya. Bridges aliuawa mwaka 2009 karibu na Voi kwenye mgogoro wa mgodi, iliniuma sana kusoma hiyo. Na hata Mirerani kwenye tanzanaiti inatoka, alafu watu wa Arusha wengi ukiwatajia jina wanakukodolea macho.

Kununua sasa. Muuzaji wa kwanza alinitolea jiwe kubwa hilo, karati (kipimo cha uzito wa vito) tatu na ushee, bei ya kutupa, nikashtuka maana tsavoraiti safi ikishazidi karati mbili ni adimu. Kwenye lenzi nikaona vipovu vidogo vya mviringo, chupa ile! Nikamrudishia. Wiki mbili baadae sonara akaniunganisha na broka mmoja mtu mzima, akakunjua kikaratasi taratibu, ndani kitu kikubwa kidogo kuliko choroko, karati 1.1. Tulikuwa kibarazani kivulini na bado kilikuwa kinawaka, kijani ya majani mabichi baada ya mvua. Zumaridi haing'ai hivo, maana tsavoraiti inapinda mwanga zaidi. Na kilichonikamata zaidi ni kwamba haichomwi wala haitiwi mafuta, tanzanaiti nyingi zinachomwa ndo ziwe bluu lakini hii inavyotoka ardhini ndo hivohivo, inakatwa tu na kung'arishwa. Bei ilinikaba, nililipa kwa awamu mbili.

Naivaa kila siku, napika nayo, nafua nayo, jiwe halina mkwaruzo hata mmoja. Shida niliyoipata ni ya aliyeifunga: mwezi wa nane kijino kimoja cha dhahabu kililegea kikawa kinanasa kwenye sweta, nilikaribia kulipoteza jiwe, nikaenda kwa mwingine akakaza. Mkienda kurekebisha hakikisheni fundi haweki moto karibu na jiwe, joto la ghafla linaweza kulipasua. Kusafisha mi natumia maji ya vuguvugu na mswaki laini basi.

Ningependa ingekuwa kubwa kidogo, na ningedai cheti cha maabara kabla ya kulipa, hapo nilikosea kwakweli. Juzi shangazi kaivaa jioni nzima sebuleni anaigeuzageuza chini ya taa, wakati wa kuondoka akaniuliza yule broka anapatikana siku gani.