Nusu ya nini? Uzoefu wangu wa kutengeneza pete ya mawe matatu Lubumbashi

Fundi aliyalaza mawe yangu mawili ya almasi juu ya karatasi nyeupe, akayapima moja baada ya jingine, akasoma kwa sauti: "Hili milimita 4.2. Hili 3.9." Risiti ya dukani iliandika karati 0.25 kwa kila moja, na kweli kwenye mizani yalikuwa sawa. Lakini mimi nilikuwa nimeyanunua kama mapasa, yaani mapacha, na mapasa hayo hayakufanana.

Mimi ni muuguzi, naishi Katuba. Miaka kumi na minane iliyopita bwana yangu alinivisha pete yenye almasi moja ya mviringo, nusu karati. Mwaka uliofuata Mungu akatupa mapasa, Mbuyi na Kabanga, na tangu siku ile hapa mtaani jina langu ni Mama Mapasa. Watoto sasa wanamaliza sekondari. Bwana yangu akasema tuongeze mawe mawili pembeni mwa lile la zamani. Wauzaji husema mawe matatu ni jana, leo na kesho. Kwetu sisi ni mama na watoto wake. Kabanga alinionyesha kwenye simu pete ya Meghan, mke wa Prince Harry: jiwe la kati limetoka Botswana, na mawili ya pembeni yametoka katika vito vya marehemu Diana. Akaniambia, "Mama, hata wao wameweka familia ndani ya pete." Neno hilo lilinikaa moyoni.

Ugumu ulianza kwenye kipimo. Mama mkwe, ambaye alizaliwa na kukulia Mbuji-Mayi na ameona almasi ghafi tangu utoto wake, alitaka yote matatu yalingane. "Mapasa hawapewi kidogo," alisema. Bwana yangu aliona la kati lazima litawale, yale mengine yawe nusu yake. Nikakubaliana na bwana, nikaenda dukani nikasema: nataka nusu. Muuzaji hakuniuliza swali hata moja. Nusu ya 0.50 ni 0.25, akafunga, nikalipa.

Fundi, ambaye karakana yake iko katikati ya mji, si mbali na Place de la Poste, ndiye aliyeniuliza swali ambalo duka lilipaswa kuniuliza. "Mama, nusu ya nini? Ya uzito ama ya upana?"

Sikumwelewa. Akachukua pete yangu, akapima jiwe la kati: milimita 5.1. Kisha akanieleza polepole. Karati ni uzito tu, gramu 0.2, basi. Jicho la mtu halioni uzito, linaona upana wa uso wa jiwe. Na kwa kuwa jiwe lina urefu, upana na kina, ukipunguza uzito wake nusu, upana haupungui nusu. Unapungua kama sehemu moja tu ya tano. Almasi ya 0.25 iliyokatwa vizuri ina kama milimita 4.1. Ukiweka 4.1 kando ya 5.1, mtu aliyekaa mbele yako kwenye meza ataona mawe matatu yanayokaribia kulingana, ila kama fundi alikosea kidogo. Na ukitaka nusu ya upana kwelikweli, utashuka hadi kwenye jiwe la milimita 2.5 hivi, lenye uzito wa karibu sehemu moja ya nane ya lile la kati. Hilo nalo litaonekana kama chembe iliyobaki. Kati ya nusu hizo mbili kuna nafasi kubwa sana, na pete nzuri nyingi zimo humo katikati.

Jioni nilitaka mama mkwe naye aelewe, maana yeye si mtu wa kuambiwa milimita. Tulikuwa mezani. Nikafinyanga tonge mbili za bukari, yaani ugali, mviringo, sawasawa. Moja nikaiacha. Nyingine nikaigawa katikati kwa kisu, nikachukua kipande kimoja nikakifinyanga tena kiwe mviringo, nikakiweka kando ya tonge nzima. Akakitazama, akakichukua, akakipima mkononi, akakirudisha. "Hii si nusu," akasema. Nikamwambia, "Mama, ni nusu, umeniona nikikata." Alikaa kimya, kisha akaigawa ile nusu mara mbili, akafinyanga robo, akaiweka mahali pa nusu. "Hii ndiyo inaonekana mtoto," alisema. "Ile ya kwanza inaonekana mdogo wake." Tangu hapo hatukubishana tena kuhusu kulingana.

Siku ya pili fundi alifanya jambo ambalo namshauri kila mtu adai kabla ya kulipa. Alinizungushia utepe wa nta laini kwenye kidole, akabandika jiwe langu la kati, kisha akajaribisha kando yake mawe ya vipimo tofauti kutoka kwenye visanduku vyake: 4.1, kisha 3.4, kisha 3.0. Kwa kila kipimo alinitoa nje barazani, kivulini, akanikalisha, akaniambia ninyooshe mkono kama mtu anayesalimia. Kidole changu ni namba 54, maana yake milimita 54 kuzunguka, kwa hiyo upana wake ni kama 17. Mawe ya 4.1 pamoja na la kati yanafika milimita 13.3. Yalianza kushuka na mteremko wa kidole, na nilipofunga ngumi niliyahisi yakigusa vidole vya jirani. Ya 3.0 yaliniacha na jiwe kubwa lenye vijidoti. Ya 3.4 yalipotua, nilijua. Jumla 11.9, nyama ya kidole inaonekana kidogo kila upande, jiwe la bwana yangu bado ni mama wa nyumba, na watoto wake wanaonekana kutoka mbali. Kwa upana ni theluthi mbili za la kati. Kwa uzito ni kama karati 0.15 kila moja, yaani chini kidogo ya theluthi moja. Mwenye kidole chembamba au kirefu huenda akachagua vingine, ndiyo maana sipendi watu wanaokupa kipimo kimoja kwa mikono yote.

Kulikuwa na jambo la rangi pia, na hili nisingeliona peke yangu. Almasi yangu ya zamani ina kivuli cha njano hafifu sana, kama maji yaliyopitishwa kwenye majani ya chai mara moja tu. Peke yake inaonekana nyeupe. Fundi aliyageuza mawe yote uso chini, ncha juu, kwenye karatasi iliyokunjwa, na pale ndipo nilipoona: yale mawili ya dukani yalikuwa meupe kuliko la kati, na kwa weupe wao yalilifanya jiwe la ndoa yangu lionekane limechoka. Iliniuma kweli. Mawe ya pembeni yawe na rangi moja na la kati, au yapungue weupe kidogo tu. Kununua jeupe zaidi kwa ajili ya pembeni ni kulipa pesa nyingi ili uharibu jiwe lako mwenyewe.

Nilirudi dukani. Muuzaji alikataa kurudisha pesa. Alinionyesha karatasi yenye jina la Kimberley, kana kwamba inajibu kila kitu. Ndugu msomaji, cheti cha Kimberley, ambacho kilianza mwaka 2003, kinahusu almasi ghafi zinazovuka mipaka. Hakisemi lolote juu ya jiwe lililokwisha kukatwa, wala rangi yake, wala upana wake. Jiwe lililokatwa linapimwa na maabara, na vijiwe vidogo kama hivi mara nyingi havina karatasi ya maabara kwa sababu gharama hailingani na thamani. Kwa hiyo kinachokulinda ni kipimo cha milimita, karatasi nyeupe na lupe, yaani kioo cha kukuza, ya mara kumi, pamoja na mtu mwaminifu anayekuachia nafasi ya kuangalia mwenyewe. Mwishowe muuzaji alikubali kubadilisha, akakata pesa kidogo. Fundi alikuja nami siku ya kuchagua, jambo ambalo hakulazimika kulifanya. Tulipata mawili: 3.4 na 3.4, rangi kama mama yao, na hakuna lenye tumbo. Hilo ndilo lililokuwa tatizo la yale ya kwanza: moja lilikatwa nene chini, uzito ukajificha tumboni, uso ukabaki mdogo. Na kwa kuwa mawe ya 0.15 ni mepesi, bei ilikuwa chini sana ya yale ya 0.25. Tulichopunguza kwenye mawe tulikitia kwenye dhahabu, karati 18 (kwa dhahabu karati ni usafi, si uzito), muhuri 750 uko ndani.

Kazi yenyewe nampa sifa zote. Jiwe la kati alilishusha, maana zamani lilisimama juu mno na lilinichania glovu kazini. Yale mawili ameyakalisha chini kidogo ya la kati na kuyainamisha nje, yafuate mviringo wa kidole. Kati ya jiwe na jiwe kuna nafasi ya unywele. Nilitaka yagusane, akakataa kabisa, kwa kuwa almasi huweza kukwangua na kumega almasi mwenzake. Kila jiwe la pembeni lina makucha matatu ya kulishika, la kati lina manne.

Kilichonikera ni muda. Aliahidi wiki mbili, nikasubiri tano. Umeme ulikatika mara nyingi, ninajua, sote tunaishi mji mmoja, lakini hakunipigia simu hata mara moja kunieleza. Nilikwenda karakana mara nne kwa basi na kurudi mikono mitupu, mara moja nikiwa nimetoka zamu ya usiku. Sherehe ya kumbukumbu ya ndoa yetu ilipita bila pete. Nilimwambia, "Papa, ungeniita tu." Aliomba radhi, na niliona inatoka moyoni, lakini anayepanga pete kwa siku maalumu ampe fundi huyu miezi miwili.

Nimeivaa miezi saba sasa. Kazini naivua na kuining'iniza kwenye cheni ndani ya blauzi. Mwezi uliopita nilisikia kitu kikikwama kwenye sweta, nikaipeleka kwa fundi. Kucha moja upande wa Kabanga lilikuwa limeinuka kidogo. Alilirudisha, akalipiga msasa, akalijaribu kwa uzi wa pamba hadi uzi ukapita bila kushika, hakuchukua franka hata moja, akanipa tarehe ya kurudi kuikagua: baada ya miezi sita.