Nililipia kugeuza PDF kuwa slaidi: uzoefu wangu

Kikundi chetu hupanda mikoko upande wa Mikindani, hapa Mombasa. Mwezi uliopita nilipewa kazi ya kuwaeleza wavuvi na kina mama matokeo ya mwaka. Ripoti ilikuwa PDF ya kurasa 38, na aliyeiandika alishahamia Malindi. Nikajiunga na huduma moja ya mtandaoni ya kugeuza PDF kuwa slaidi, shilingi 900 kwa mwezi.

Kwa kasi sina neno. Nilipakia faili nikiwa kwenye foleni ya feri Likoni, na kabla sijavuka slaidi zilikuwa tayari. Picha zilitoka safi, na ramani ya hori ya Tudor haikupoteza hata rangi moja.

Shida ilianza nilipotaka kurekebisha maneno. Nikibonyeza aya, unashikika mstari mmoja tu, kwa sababu kila mstari umekuwa kisanduku chake. Ukifuta neno huku, mstari wa chini hausogei. Nimekuja kuelewa kwamba PDF, tangu kampuni ya Adobe ilipoitoa mwaka 1993, kazi yake ni kushikilia kila herufi mahali pake ili ukurasa uonekane uleule kwenye kila mashine. Mara nyingi haisemi aya inaanzia wapi wala jedwali liko wapi, kwa hiyo programu ya kugeuza inabaki kukisia.

Jedwali ndilo lililoniumiza. Lilikuwa na aina tano za miti ya mikoko, yaani mkoko, mchu, mlilana, mkandaa na muia, na kando yake idadi ya miche iliyoshika. Kwenye slaidi namba ya mkandaa ilikuwa imeteremka kwa muia. Bila ripoti ya karatasi mkononi, ningesimama mbele ya watu walioichomeka miche ile matopeni kwa mikono yao, niwasomee hesabu isiyo yao. Kosa la namna hii halijionyeshi, na ndiyo maana linanitia hofu kuliko mengine yote.

Halafu "afisa" ikawa "a sa", na "maji safi" ikawa "maji sa". Fonti ya ripoti huunganisha f na i kuwa alama moja, na alama hiyo ilipotea njiani. Nilikesha nikisoma slaidi moja baada ya nyingine.

Kurasa tano za mwisho zilikuwa za skani, zikaja kama picha tupu. Hizo nilizipitisha kwenye Tesseract, programu ya kusoma maandishi yaliyo ndani ya picha, ambayo ni ya bure na inasoma Kiswahili ukiichagulia lugha hiyo.

Siku mbili kabla ya mkutano, dada mmoja wa kikundi aliniuliza, "Mbona humpigii aliyeandika ripoti akutumie faili ya Word?" Nikapiga. Faili ilifika kwa WhatsApp kabla ya magharibi. Jedwali nikalinakili zima, kila namba mahali pake, na picha nikazichukua kwenye slaidi zilizogeuzwa. Kurasa 38 zikawa slaidi 11.

Naipa huduma hii nyota tatu kati ya tano, zote kwa sababu ya picha na kasi. Jedwali lolote lenye namba za watu sitaliweka humo tena. Mwezi huu sijalipia. Nikipata PDF yenye picha nyingi, nitalipia siku hiyo.